Ruhusa Inatoka Juu

Kwa miaka kumi na tisa Vumbi hakuwahi kuomba ruhusa, hata ya kung'oa jino. Jino lenyewe alilitoa saa ya chakula, akarudi kazini na pamba mdomoni, akawa anajibu watu kwa kichwa mpaka jioni. Siku hiyo nilikuwa nimefuata miwani yangu. Nilimuuliza kama iko tayari, akatikisa kichwa bila kufungua mdomo, nikadhani ananinunia.

Jina la Vumbi tulimpa sisi wateja. Kazi yake ilikuwa kusaga vioo vya miwani katika chumba cha nyuma, na ule unga mweupe wa kioo ulishamwingia kwenye mistari ya viganja, kwenye nyusi, mpaka ndani ya masikio. Ukimwona kwa mbali ungedhani mtu amepata mvi tangu jana. Mwenyewe hakulikataa jina. Alikuwa mtu aliyefiwa na mke, mpole, mwenye binti mmoja aliyeolewa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Duka lilikuwa la familia, chini ya nyumba yao ya ghorofa moja. Mbele kulikuwa na kaunta, ubao wa herufi za kupimia macho, na makabati ya kioo yaliyojaa fremu tupu zinazotazama mlangoni, hivyo ukiingia ulijiona umeshatazamwa kabla hujasalimia. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha Vumbi na jiwe lake la kusagia, likidondoshewa maji tone kwa tone. Kando ya mlango wake zilipanda ngazi za mbao kwenda juu, anakoishi mwenye mali, ambaye sote tulimwita Mzee.

Mzee ndiye aliyemfundisha Vumbi kazi, mkono wake juu ya mkono wa mwanafunzi, mpaka jiwe likamzoea. Enzi zake mtu hakuwa na haja ya kuomba ruhusa. Alikuangalia usoni asubuhi, akajua. Mke wa Vumbi alipozidiwa, Mzee ndiye aliyezima mashine akamwambia, "Nenda nyumbani. Jiwe halikimbii."

Kisha Mzee akapigwa na kiharusi. Mdomo ukaenda upande, ulimi ukawa mzito, akabebwa kupelekwa juu. Miaka miwili ya mwanzo wafanyakazi walipanda kila Jumamosi kumwamkia. Ukimuuliza jambo, alijibu kwa mkongojo wake kwenye sakafu ya mbao: pigo moja hapana, mapigo mawili ndiyo. Hata mzaha alielewa. Vumbi aliwahi kumuuliza kama anamkumbuka mteja mmoja msumbufu aliyerudisha miwani mara tano, mkongojo ukagonga mara mbili kwa nguvu mpaka chini wakacheka.

Mwaka wa tatu walimpeleka hospitali kubwa, mji wa mbali. Walikaa huko wiki mbili. Waliporudi na duka likafunguliwa tena, mkewe, ambaye duka zima lilimwita Mama, aliwakuta Vumbi na mwenzake wakitaka kupanda kumpa pole mgonjwa. Akawazuia kwenye ngazi.

"Daktari amekataza wageni," alisema. "Hata kuamkiwa kunamchosha."

Toka hapo hakuna aliyepanda. Lakini mkongojo uliendelea kusikika. Chumba cha Mzee kilikuwa sawasawa juu ya jiwe la Vumbi, hivyo yeye ndiye aliyeusikia vizuri kuliko wote. Mama alisimama chini ya ngazi, akatoa swali kwa sauti, na jibu likashuka. Mtoto wa kwanza, tuliyemwita Kaka, alitaka kununua mashine mpya ya kupimia macho. Likashuka pigo moja. Binti, ambaye kwa sababu ya kukaa mbele siku zote tulimwita Dada Kaunta, alitaka kufungua duka la pili karibu na stendi. Pigo moja. Mwenzake Vumbi, fundi wa fremu aliyeitwa Waya, aliomba siku nne akamzike kaka yake. Pigo moja. Waya alisimama pale chini ya ngazi akitazama juu, akavua aproni, akaitundika, akaenda kuzika, na hakurudi tena.

Miaka minne ikapita namna hiyo. Pazia la mbele lilipauka hadi rangi yake ikasahaulika. Herufi moja ya kibao cha nje ilianguka na haikurudishwa.

*

Sasa, siku moja asubuhi binti yake Vumbi alipiga simu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike usiku wa kuamkia siku hiyo. Mumewe yuko kazini ng'ambo, mama mkwe ni mgonjwa, na mama yake mzazi, kama nilivyosema, alishafariki.

"Baba," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyelia akanyamaza, "sikuombi kitu kikubwa. Njoo unishikie mtoto nilale."

Vumbi alijipangusa mikono, akapita pazia, akamwendea Dada Kaunta.

"Dada, nimepata mjukuu."

"Weee! Hongera, Babu Vumbi!"

"Ahsante. Naomba wiki mbili nikamsaidie binti yangu."

Tabasamu la Dada likaganda. "Mambo ya ruhusa mimi siyajui. Mwone Kaka."

Kaka alikuwa stoo, akihesabu vikasha vya miwani ambavyo alikuwa amevihesabu juzi. Alisikiliza akiwa ameshika kidole chake kwenye kikasha asipoteze hesabu. "Mimi? Mimi nani hapa, Vumbi? Mwambie Mama."

Mama alikuwa jikoni, akiandaa sinia la kupeleka juu. Alimpa mkono wa hongera, mkono wenye maji, kisha akasema kile Vumbi alichojua atasema. "Ruhusa inatoka juu, baba. Andika barua. Nitaiweka kwenye sinia."

Barua nilimwandikia mimi. Nimefundisha shule miaka mingi, na mtaani kwetu mwenye barua ngumu huniletea. Tuliandika kwa heshima zote: siku kumi na nne, sababu yake, miaka kumi na tisa bila likizo. Vumbi aliomba niongeze mstari wa mwisho wa kumsalimu Mzee na kumwambia kwamba jiwe bado ni lile lile. Kesho yake barua ikapanda juu pamoja na chai.

Saa nne Mama alimwita chini ya ngazi. Dada alikuwa kaunta na mteja. Kaka alikuwa ametumwa mahali.

"Baba," Mama aliita, uso ameuinua, "Vumbi anaomba siku kumi na nne."

Kisha: to.

Mama akashusha pumzi na kumtazama kwa huruma. "Umesikia mwenyewe."

Vumbi alirudi kwenye jiwe lake. Aliniambia baadaye kwamba hakukasirika. Alishangaa tu, kwa sababu kwa mara ya kwanza alisikiliza bila jiwe kusaga, na hakulitambua pigo lile. Mzee alikuwa akigonga kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, na mkongojo ulitua kwa mshazari, ukakwaruza kidogo kabla ya kunyamaza. Hili lilitua wima, kavu, kama mtu anayepiga muhuri.

Siku mbili baadaye binti alipiga tena. Safari hii hakusema kitu, alimsikilizisha tu mtoto anavyolia. Vumbi alikwenda tena kwa Mama, akapunguza.

"Siku saba basi. Hata tano."

Wakasimama tena pale pale. Kaka alikuwa stoo, wanamsikia anakohoa. Dada Kaunta alikuwa ametoka kidogo kununua vocha. Mama akainua uso: "Baba, Vumbi anaomba siku..."

To.

Jibu lilikuja kabla idadi haijatajwa. Mama mwenyewe alishtuka, mdomo ukabaki wazi na neno ndani yake. Vumbi alimwona akitazama upande wa jikoni, kwenye mlango wa uani, mahali palipokuwa na ngazi ya chuma ya kupandia kwenye kamba za nguo huko ghorofani. Alitazama mara moja tu, haraka, halafu akajifanya anafunga kilemba.

*

Ilikuwa Alhamisi iliyofuata, mchana kweupe, jua limesimama katikati. Duka lilifungwa kwa saa moja kama kawaida, na familia yote ikakaa mezani jikoni. Vumbi aliwaona wote watatu kwa macho yake alipopita kunawa: Mama kichwani mwa meza, Kaka kulia kwake, Dada kushoto, na katikati yao sinia la Mzee limefunikwa, linasubiri kupelekwa.

Hakuwa na hamu ya kula. Alirudi, akazima maji ya jiwe. Lile tone lilipokoma, nyumba ikawa kimya kuliko alivyowahi kuisikia, mpaka akawa anasikia vijiko vya jikoni kimoja kimoja. Akatoka akasimama chini ya ngazi. Hakujua kwa nini hakuwahi kulifikiria jambo hili kabla: kwamba yeye na Mzee walikuwa na lugha yao, na hakukuwa na haja ya mtu wa katikati.

"Shikamoo, Mzee," alisema, si kwa sauti kubwa. "Ni mimi, Vumbi. Binti yangu kajifungua. Yuko peke yake. Nataka kwenda."

Vijiko jikoni vilinyamaza.

Juu, mbao za sakafu zikalia, kama zinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa kwenye kiti. Kisha mkongojo ukagonga kwa mshazari, ukakwaruza. Ukagonga tena.

Vumbi alijikuta anatabasamu. "Ahsante, Mzee," akasema, na akageuka kwenda kuchukua koti lake.

Walikuwa wamesimama mlangoni mwa jikoni, wote watatu. Kaka alikuwa na tonge shavuni ambalo hakulitafuna wala kulitema. Dada alikuwa amemshika mama yake kiwiko. Na kilichomfanya Vumbi asisimke mwili kilikuwa jinsi walivyokuwa wakitazamana: Kaka anamtazama Dada, Dada anamtazama Kaka, wote wawili wanamtazama Mama, kisha wanaanza upya, kama watu wanaohesabiana baada ya ajali.

"Nani yuko juu?" Kaka aliuliza kwa mnong'ono.

"Si Mzee?" Vumbi akasema.

Alisubiri. Alimtazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alishusha macho. Hapo ndipo ilipoanza kumwingia, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Usipande," alisema Mama. "Vumbi, mwanangu, nakuomba usipande."

Akapanda. Alizimaliza ngazi zote kumi na nne kwa sababu, aliniambia, alikuwa amemwamkia aliyekuwa juu na ameitikiwa, na mtu aliyekuitikia humkimbii.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Chumba kilikuwa na giza la dirisha lililofungwa muda mrefu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa na shuka limevutwa barabara, na mto haukuwa na alama ya kichwa. Juu ya mto iliwekwa miwani ya Mzee, mikono yake imekunjwa. Karibu na dirisha palikuwa na kiti. Sakafuni, mbele ya kiti, mbao zilikuwa zimechimbika vishimo vidogo vya duara, vingi, kama mahali alipodonoa kuku. Na kwenye meza zilirundikwa karatasi: ombi la mashine mpya, ombi la duka la stendi, barua ya Waya, na barua yangu mimi yenye mwandiko wangu, bahasha bado imefungwa.

Vumbi alikuwa mtu wa vumbi, alilisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Chumba chote kilikuwa kimefunikwa. Toka mlango wa ndani, na toka ule wa ngazi ya uani, hadi kwenye kiti palikuwa na njia moja moja iliyokanyagwa, nyembamba kama ya sisimizi, na nyayo za aina tatu tu: kandambili za Mama, soli pana za Kaka, na kisigino chembamba cha Dada. Alitafuta alama mpya za mkongojo. Hazikuwepo. Wala za mguu mwingine. Mlango wa uani ulikuwa na komeo, limekomewa kwa ndani.

Mkongojo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari wake ukutani, mbali na kiti. Ulikuwa unayumba. Kidogo sana, kushoto, kulia, kama kitu kilichoachiwa na mkono sasa hivi.

Alisimama akautazama mpaka ukatulia. Kisha akafanya kile alichofundishwa na wazazi wake: akainama kidogo, akasema "Ahsante" kwa mara ya pili, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akaufunga.

*

Chini, Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho, hivyo Vumbi akalazimika kukaa ngazi moja nyuma yake, kama abiria nyuma ya dereva. Mama alizungumza bila kugeuka.

"Alitutoka njiani, tukirudi kutoka hospitali. Tukageuza gari, tukamzika kwao. Tulirudi hapa na mkongojo tu."

"Miaka minne, Mama?"

"Miaka minne." Alikunjakunja ncha ya khanga yake. "Hawa wawili walianza kugombea funguo kabla hatujashusha mizigo. Kesho yake nilikuwa juu nimekaa kwenye kiti chake, nalia, huku chini wanatukanana matusi ya nguoni. Nikachoka. Nikachukua mkongojo nikagonga mara moja. Nilitaka wanyamaze tu. Wakanyamaza kama watoto. Halafu huyu," akamwonyesha Kaka kwa kidevu, "akaja chini ya ngazi akaniuliza, Mama, Baba amesema nini? Alimzika kwa mikono yake, Vumbi! Udongo ulikuwa bado kwenye kucha. Na ananiuliza Baba amesema nini."

Kaka aliegemea ukuta. Lile tonge alikuwa amelimeza hatimaye, na lilionekana kumwumiza.

"Basi ikawa ndiyo hivyo," Mama aliendelea. "Nilipopanda mimi, niligonga. Siku nyingine niko chini, nikasikia kumegongwa, nikajua ni mmoja wao kapita uani. Hatukuwahi kuulizana. Kila mmoja alipanda kumzuia mwenzake. Miaka minne, hakuna aliyewahi kugonga mara mbili."

"Na chakula?"

"Nilikula mimi. Tulizoea kula pamoja."

Vumbi akawageukia watoto. "Mimi nilikataliwa na nani?"

"Mara ya kwanza mimi," alisema Kaka, akiiangalia mizunguko ya kamba za viatu vyake.

"Ya pili mimi," alisema Dada Kaunta, na akaanza kulia. "Tusamehe, Vumbi. Ukiondoka nani atasaga? Tulijua ukienda hurudi, kama Waya."

"Na ya leo?"

Walinyamaza wote. Katika kimya kile mtu angetegemea kusikia kitu kutoka juu, na Vumbi aliona kwamba wote wanne walikuwa wamekaza shingo wakikitegemea. Hakikuja. Mama akainuka, akajishikilia kwenye nguzo ya ngazi.

"Amekwambia nenda," alisema. "Nenda."

*

Vumbi alipanda basi asubuhi ya Ijumaa. Alikaa kwa binti yake siku kumi na nne kamili. Alimshika mtoto, alifua nepi, alipika vibaya na chakula kikaliwa. Binti alilala siku mbili mfululizo, akiamka kunyonyesha tu, halafu akawa mtu tena. Hakumwambia lolote la kule. Alisema tu, "Mzee amenipa ruhusa," na binti akasema, "Mungu amzidishie umri," na Vumbi akajibu "Amina" kwa sauti iliyomfanya binti amwangalie.

Siku ya kumi na moja Dada Kaunta alipiga.

"Unarudi lini?"

"Jumatatu, kama tulivyosema."

"Usichelewe, tafadhali. Mama hali vizuri." Akasita. "Vumbi, hajibu."

"Nani?"

Simu ikakatika.

Jumatatu alipoingia, alikuta kaunta imejaa bahasha za kazi zisizoguswa. Familia ilikuwa inamsubiri chini ya ngazi, wote watatu, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda ofisini kwa mkubwa. Juu, mlango wa chumba cha Mzee ulikuwa wazi, na toka chini alipata kuona kona ya kitanda chenye shuka jipya. Walikuwa wamefagia. Walikuwa wamefungua dirisha. Siku kumi na nne walikuwa wamesimama pale mmoja baada ya mwingine, wakamwamkia, wakamwomba radhi, wakamuuliza. Na juu hapakulia hata ubao.

Kaka alimpa daftari. Alikuwa ameyaandika maswali kwa mstari. Duka linabaki kwa nani. Nyumba iuzwe au isiuzwe. Mama akae na nani.

"Anakujibu wewe," alisema. "Muulize, Vumbi. Chochote unachotaka, tutakupa. Ni moja baada ya jingine, anagonga, sisi tunafuata. Hatutabishana."

"Tunaapa," alisema Dada.

Vumbi alitazama nyuso zao. Aliniambia hapo ndipo alipoogopa kweli. Siku ile mkongojo ulipogonga hakuogopa, alijisikia kama mtu aliyekutana na jamaa yake sokoni. Lakini sasa walikuwa wanamtazama midomo imeachama kidogo, watu wazima na mvi zao, kama makinda. Na alipoinua macho kuelekea mlango ule ulio wazi, alihisi kabisa, kwa ngozi yake, kwamba huko juu kuna anayesikiliza na hataki kuulizwa.

Alilirudisha daftari.

"Mimi niliomba ruhusa yangu, nikapewa," alisema. "Haya yenu ongeeni wenyewe. Nyote mna midomo."

Alivaa aproni, akafungulia tone la maji. Alisaga siku tatu, akamaliza kila bahasha iliyokuwa kaunta, ili asiwepo mtu mtaani wa kushindwa kuona kwa sababu yake. Miwani yangu mpya ilikuwa humo. Siku hizo tatu alisikia nyayo za Mama zikipanda na kushuka, na sauti za wale wawili jikoni, wakianza, wakikatiza, wakisubiri, wakianza tena.

Siku ya nne alimwendea Kaka stoo. Akamsogezea vikasha pembeni ili asipate pa kuweka kidole.

"Kaka, naacha kazi. Nahamia kwa binti yangu. Nakuja kukuomba ruhusa wewe."

Kaka akainua macho kwenye dari. Vumbi hakuinua yake. Wakakaa hivyo, mmoja akitazama juu, mwingine akimtazama yeye, na tone la jiwe likisikika chumba cha pili. Lilidondoka mara nyingi. Jasho likamtoka Kaka kwenye paji la uso, likashuka mpaka kwenye nyusi, na bado juu kimya. Hatimaye akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, ya mtu anayeijaribu kwa mara ya kwanza.

"Sawa," alisema. "Nenda."

Walishikana mikono. Kaka hakuachia haraka.

Siku hizi pale kuna maduka mawili, ukuta katikati. La kushoto la Kaka, la kulia la Dada, na Mama analala chini, chumba kilichokuwa cha jiwe. Wanasalimiana. Chumba cha juu wameweka maboksi. Nilimuuliza Dada siku moja, kwa mzaha wa mzee, kama husikia kitu. Akasema hapana, na akaongeza kwamba Mama bado hupanda mara moja moja kuketi, na hakuna anayemkataza.

Vumbi anasaga vioo huko aliko, kwenye kliniki ndogo ya macho. Mjukuu ameanza kutembea. Alipokuja msimu uliopita kutusalimia, alinirekebishia miwani yangu mlangoni kwangu, akaikunja mkono mmoja kidogo, akanivalisha mwenyewe.

"Inakubana?" aliuliza.

Nikamwambia haibani.

"Basi vizuri," alisema, akatazama saa. Basi lake lilikuwa linaondoka saa moja asubuhi, na alikuwa amemwahidi mtoto kwamba atarudi kabla hajalala.